Fanesi inawaka moto ila feni haipulizi, inanguruma tu. Fundi kasema mota imekufa, ni kweli?

Mmatumbi_Theluji

Wakuu habari za jioni, au niseme habari za baridi, maana huku nilipo asubuhi na jioni zimeshafanana. Nipo Brooklyn Park, Minnesota, nje sasa hivi ni hasi 24 za Selsiasi na ndani themostati, kile kidude cha ukutani cha kupanga joto la nyumba, inasoma 54 za Farenhaiti, ambazo ni kama 12 za kwetu, na inashuka.

Shida iko hivi. Fanesi yangu, yaani mashine ya kupasha nyumba joto, ipo besimenti, chumba cha chini ya nyumba, ni ya gesi, ya zamani kidogo, kibandiko kinaonyesha imetengenezwa 2005, zile zenye bomba la chuma la moshi sio hizi mpya za bomba la plastiki. Kama wiki mbili zilizopita nilianza kusikia inawaka vizuri ila upepo unachelewa kutoka kwenye matundu, nikapuuza, si unajua mambo ya zamu za usiku, ukirudi asubuhi unawaza kitanda tu. Jana usiku ikagoma kabisa. Yaani moto unawaka, nauona kwenye kidirisha, bluu safi, lakini ile feni kubwa ya chini inayotakiwa kusukuma hewa ya moto iende vyumbani haizunguki, inanguruma tu mmmmmm kama mtu kashiba ubwabwa kalala. Dakika tatu nne moto unazima wenyewe, inatulia, inawaka tena, inazima tena. Na hiyo ngurumo yenyewe kuna muda inakatika kabisa halafu baadae inarudi.

Nikaita kampuni moja ya huku, jamaa kaja, kakaa robo saa, kamulika tochi, kasema mota imekufa, dola 1,380 mota na ufundi, na mota itafika Jumanne. Leo Ijumaa. Dola 129 za kuja kuangalia nimeshalipa na hazirudi.

Ndani kuna mtoto wa wiki tano na mama mkwe kaja kutoka Tanga kumsaidia mwenzangu na uzazi. Kafunga khanga mbili juu ya koti, kofia ya sufi, soksi za kwangu, anasema huko kwenu mlikosema pazuri ndio huku? Ameshauri tutafute jiko la mkaa tuote. Kwa sasa tumewasha oveni ya gesi jikoni tumeacha mlango wake wazi, na hita moja ya umeme ipo chumbani kwa mtoto.

Naombeni msaada, je ni kweli mota imekufa? Kuna kitu naweza kuangalia mwenyewe kabla sijatoa hiyo hela? Mita ya kupimia umeme ninayo, nilinunua nikaitumia mara moja.

Jogoo_la_Kigogo

Pole mkuu. Mimi yangu iliwahi kugoma kumbe ni betri za themostati tu. Badili kwanza hizo kabla hujatoa hata senti. Ukipona niletee supu.

Fundi_Gerezani

Jogoo, betri zingekuwa zimekwisha hata moto usingewaka. Moto unawaka, maana yake themostati imeshatoa amri na amri imefika.

Mmatumbi, kabla ya fanesi nenda kazime oveni. Sasa hivi, halafu urudi uendelee kusoma. Oveni ya gesi ni ya kupikia mlango ukiwa umefungwa, ukiiacha wazi masaa na masaa inaweza kukujazia kaboni monoksaidi ndani, gesi ya sumu, haina harufu haina rangi, na mtoto wa wiki tano hawezi kukwambia kichwa kinamuuma. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu, umwambie kwa heshima zote kwamba jiko la mkaa ndani ya nyumba ya huku hapana. Kwetu nyumba ina matundu juu ya ukuta na madirisha ya nyavu na bado tunasikia watu wamelala na jiko kule kwenye baridi Njombe hawakuamka, sasa nyumba ya Minnesota imezibwa kama chupa ya chai. King'ora cha kaboni monoksaidi unacho? Sheria ya jimbo lenu inataka kiwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Kibonyeze usikie kama kinalia.

Hita ya umeme endelea nayo ila kwa akili. Ya wati 1,500 kwenye volti 120 inakula ampi 12.5 na njia nyingi za umeme za vyumbani zina breka ya ampi 15, kwahiyo hita moja kwa njia moja, uichomeke ukutani moja kwa moja sio kwenye ekstensheni, mbali na mapazia na mablanketi. Lalani wote chumba kimoja mfunge mlango. Na mabomba ya maji usiyasahau, yasije yakaganda, fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto kidogo liingie, acha koki zidondoshe maji uzi mwembamba usiku kucha, ujue pia koki kuu ya nyumba iko wapi. Bomba likipasuka hiyo 1,380 utaiona ndogo.

Haya, fanesi. Mimi nilijifunzia ufundi mtaa wa Gerezani pale Dar, friji na feni, sasa hivi mwaka wa 14 nafanya kazi za hita na viyoyozi huku Columbus, Ohio. Nimesoma maelezo yako mara mbili na kitu kinachonijia kichwani ni panga boi. Unakumbuka panga boi la sebuleni likizeeka, unawasha linanguruma halizunguki, mzee anachukua mpini wa fagio analisukuma kidogo ndio linakolea? Halafu kwa muda mrefu kabla ya hapo lilikuwa linaanza kuzunguka kwa uvivu? Pale mota haijafa, kilichochoka ni kapasita. Fundi anakuja na kidude cha bei ya soda mbili anabadili, jioni mapazia yanapepea.

Mota za fanesi za umri wa yako nyingi ni ndugu wa damu wa panga boi. Pembeni ya mota, au imefungwa kwenye ile nyumba ya bati ya feni, kuna kapasita, kikopo cha bati umbo la yai au la duara, ncha mbili, waya mbili, mara nyingi za kahawia. Kazi yake ni kuipa mota msukumo wa kujua izunguke upande gani. Ikichoka, umeme unaingia, mota inatetemeka na kunguruma imesimama palepale, inapata moto, mpaka kinga ya joto iliyo ndani yake inaikatia umeme ipoe. Ikipoa inaanza upya. Ndio maana unasema ngurumo inakatika halafu inarudi. Mota iliyoungua kwa kawaida haingurumi, inakaa kimya.

Na moto kuzima baada ya dakika chache ni fanesi inajiokoa. Mtiririko ni huu: themostati inaita, kifeni kidogo cha kutoa moshi kinaanza, swichi ya presha inathibitisha moshi una njia, kiwashio kinakuwa chekundu, valvu inafungua gesi, sensa inaona moto, halafu kama nusu dakika baadae bodi, ile sakiti inayoongoza fanesi, inaamuru feni kubwa ianze. Yako imefika mpaka hapo mwisho vizuri kabisa. Sasa feni isipozunguka joto halina pa kwenda, linapanda, swichi ya kikomo inakata gesi. Ni kinga nzuri lakini usiifanye ndio mtindo wa maisha, ukiiacha inawaka na kuzima hivyo siku nne, yale makasha ya chuma yanayotenganisha moto na hewa mnayovuta yanaweza kupata nyufa. Kwahiyo izime mpaka tujue.

Kwa leo fanya vitu vitatu tu, hakuna hata kimoja kinachohitaji uguse waya.

Kwanza nenda kwenye themostati, toa kwenye joto, halafu swichi ya feni itoe AUTO uweke ON. Usikie chini kama ni kimya kabisa au ni ngurumo ileile. Pili, kabla hujafungua mlango wa fanesi, pale kwenye kidirisha hesabu kile kitaa cha bodi kinapepesa mara ngapi, maana ukizima umeme mara nyingi hiyo kumbukumbu inapotea. Maana ya kupepesa utaikuta kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Tatu, zima umeme wa fanesi, kuna swichi kama ya taa pembeni yake, na breka pia uizime kwenye kabati la umeme, halafu fungua mlango wa chini uzungushe gurudumu la feni kwa mkono. Linazunguka laini au linakwama na kukwaruza? Na ukiwa hapo chomoa filta uitazame kwenye mwanga.

Rudi na majibu.

Njia_ya_Panya

Fundi unamchosha mwenzio na baridi hii. Si afungue mlango aisukume na mti kama panga boi, ikikolea akalale, kesho ni siku nyingine?

Fundi_Gerezani

Njia ya Panya nilijua utatokea. Panga boi liko juu darini, mapanga matatu, unaliona. Hii ni gurudumu la bati lenye mapezi mengi makali, likikolea linazidi mizunguko elfu moja kwa dakika, na ili liwake mlango ukiwa wazi inabidi ukandamize swichi ya usalama kwa mkono mwingine huku bodi yenye volti 120 iko wazi mbele ya uso wako. Halafu hata likikolea litasimama tena themostati ikiridhika, saa tisa usiku linatakiwa kuanza upya na wewe umelala. Hapana.

Nyota_ya_Calgary

Wueh pole sana, na huyo mtoto jameni. Hii kitu ilinipata hapa Calgary miaka mbili imepita na mimi sikua na mtu wa kunieleza. Walikuja wakasema ni mota, nikalipa, wakaweka mpya, lakini kapasita wakaacha ile ile ya zamani, hakuna mtu aliikumbuka. Miezi mitatu hivi feni ikaanza tena kuvutavuta. Nikaita fundi mwingine, mzee mmoja mpole, akazima stima, akaitoa akanionyesha, juu imefura kama mahamri. Akaniambia mota mpya lazima iingie na kapasita mpya, ukimpata mtu hajui hio basi hajui kazi.

Kwa hivyo hata kama utaamua kulipa hio kampuni, mwambie aipime mbele yako kwanza. Ni kitu ya dakika mbili. Akikataa ujue unauziwa mota juu ni Ijumaa na uko na mtoto.

Mmatumbi_Theluji

Oveni nimezima, king'ora kipo koridoni, nimekibonyeza kimepiga kelele mpaka mtoto kaamka na nimesemwa. Tumehamia wote chumba kimoja na mama mkwe kachukua upande wa hita.

Majibu ya fundi:

Feni nimeweka ON, ngurumo ileile, haizunguki. Kitaa kinapepesa mara nne, karatasi ya mlangoni inasema swichi ya kikomo iko wazi, kama ulivyosema. Nimezima umeme sehemu zote mbili, nimezungusha gurudumu kwa mkono, linazunguka laini kabisa, nikiliachia linaendelea lenyewe mizunguko kadhaa. Hakuna kukwaruza.

Filta sasa, nimeona aibu. Nilinunua nyumba hii mwaka juzi na nakumbuka nimeibadili mara moja tu. Imekuwa ya kijivu na imepinda katikati kama imefyonzwa. Nimeitupa, nina mpya ya 16 kwa 25 kwa 1 stoo.

Hicho kikopo nimekiona, umbo la yai, kimefungwa kwa mkanda wa bati. Hakijafura wala nini, kinaonekana kizima tu. Kimeandikwa 7.5 halafu alama ya maikro na F, na 370 VAC. Sasa kama hakijafura si inamaanisha ni kizima?

Fundi_Gerezani

Kufura ni dalili ya baadhi tu. Nyingi zinakufa zikiwa nadhifu kabisa, kama watumishi wa serikali wanavyostaafu. Lazima upime.

Gurudumu laini, ngurumo ipo AUTO na ON, moto unafika mpaka mwisho wa safari. Beringi hazijashika, na bodi inapeleka umeme, ingekuwa relei ya bodi, swichi inayowasha feni, imekufa usingesikia ngurumo, ungesikia kimya. Hela yangu naiweka kwenye kapasita.

Kupima ni hivi, na hapa nakuomba usikimbie. Umeme umezimwa sehemu zote mbili. Piga picha waya zilivyokaa. Kapasita inaweza kubaki na umeme ndani hata kama umezima kila kitu, kwahiyo chukua bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, shika mpini tu, gusisha chuma chake kwenye ncha zote mbili kwa pamoja. Inaweza kutoa cheche ndogo, inaweza isitoe, yote sawa. Halafu chomoa waya zote mbili kwa koleo, vuta kwenye kiungio usivute waya. Mita yako iweke kwenye alama ya kapasita, mistari miwili inayotazamana, kama haina hiyo alama tuambie. Gusisha kwenye ncha mbili usubiri isome.

7.5 yenye tofauti ya asilimia 5 inatakiwa isome kati ya kama 7.1 na 7.9. Ikisoma 6 imechoka. Ikisoma 2 imekufa imebaki kuzikwa.

Mmatumbi_Theluji

Nimepima mara tatu sikuamini. 1.8.

Yaani jamaa kachukua dola 129 na hakugusa hicho kikopo.

Nyota_ya_Calgary

Si nilisema!

Fundi_Gerezani

Basi. Usiku huu hufanyi kitu, maduka yamefungwa, lalani salama. Kesho Jumamosi tafuta ya maikrofaradi 7.5 hiyohiyo, usiongeze usipunguze. Volti inaweza kuwa 370 au 440, kupanda juu ni ruksa, kushuka chini ni mwiko. Hata ukikuta umbo la duara badala ya yai haina shida alimradi mkanda unaishika isicheze. Waya ipi iende ncha ipi haijalishi kwa aina hii ya ncha mbili.

Maduka makubwa ya jumla ya vifaa vya hita yanaweza kukunyima kama huna leseni, usibishane nao, nenda wanakouza vipuri vya mashine za kufulia na friji.

Na kuhusu huyo jamaa nisimtetee sana lakini niseme ukweli wa kazi. Wiki ya hasi 24 fundi ana nyumba kumi kwa siku, na ofisini wanampima kwa mauzo. Kusema mota ni rahisi maana ukibadili mota na kapasita pamoja tatizo litaisha kwa vyovyote. Hajadanganya kwamba itapona. Kakuuzia ng'ombe wakati ulitaka kikombe cha maziwa.

Salima_wa_Goma

Ndugu zangu samahani naingilia. Mimi niko Minneapolis, nyumba ni ya kupanga, na kwangu pia feni haitoi upepo tangu Jumatano, mwenye nyumba anasema atatuma mtu, atatuma mtu. Mimi pia nifungue nipime?

Fundi_Gerezani

Hapana dada Salima, ya kupanga usiiguse, ukiharibu itakuwa kesi yako. Angalia filta na kama breka haijaanguka, basi.

Mmatumbi_Theluji

Dada Salima, hapa Minnesota sheria inamtaka mwenye nyumba ahakikishe ndani ni angalau 68 za Farenhaiti kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30. Piga picha ya themostati yenye tarehe, mwandikie ujumbe usiishie kumpigia, na asiposikia piga manispaa uwaombe wakaguzi wa nyumba. Mimi nilipopanga mara ya kwanza sikujua, nililala na koti Januari nzima.

Salima_wa_Goma

Aksanti sana ndugu. Ninamwandikia sasa hivi.

Mmatumbi_Theluji

Jumamosi, saa nane mchana. Wakuu naleta mrejesho.

Duka la kwanza kweli walinitimua, leseni. La pili mama mmoja mzee kaniuliza maikrofaradi ngapi, nikamwambia 7.5, kaingia nyuma katoka nayo, 440, dola 17. Nikarudi mbio, nikachomeka waya kama kwenye picha, nikafunga mkanda, nikapandisha breka, nikawasha swichi.

Kimya.

Hakuna kitaa, hakuna ngurumo, hakuna kitu. Kabla ilikuwa inanguruma, sasa hata ngurumo sina. Nikajua nimeua bodi, nikaanza kupiga hesabu ya kadi ya benki nimesimama pale besimenti na taulo shingoni. Nikataka kumpigia yule jamaa wa 1,380 nimwangukie miguuni. Mama mkwe kashuka ngazi taratibu na khanga zake, kaangalia, kauliza, na huu mfuniko hapa chini huurudishi?

Mlango. Nilikuwa sijarudisha mlango wa chini. Ile swichi ya usalama uliyoisema Fundi kwa Njia ya Panya ndio ilikuwa imekata kila kitu. Nikarudisha bati, likalia klik, kitaa kikawaka, kifeni kidogo kikaanza, kiwashio kikawa chekundu, moto fyuu, nikahesabu moja mpaka thelathini na kitu, na feni IKAANZA. Haikunguruma hata kidogo, ilianza kama gari jipya. Sasa hivi ninavyoandika ni 66 na inapanda. Mtoto kavuliwa kofia.

Jogoo_la_Kigogo

Hongera. Ila mimi bado nasema na betri ungebadili.

Fundi_Gerezani

Hahaha huyo mama mkwe ndiye fundi, wewe ni saidia fundi. Hongera sana.

Lakini usifunge mada bado. Kapasita inakufa kwa uzee, sawa, miaka 20 imejitahidi, ila pia inakufa haraka mota ikifanya kazi kwa shida na joto, na wewe umeniambia filta ilikuwa imepinda katikati. Hewa ilikuwa inafyonzwa kwa shida. Hali ya hewa ikipoa makali zima umeme tena, chungulia ndani ya gurudumu na tochi. Kila pezi linatakiwa liwe na umbo la kijiko. Uchafu ukijaa kijiko kinakuwa bapa, gurudumu linazunguka lakini halibebi hewa. Ukikuta hivyo kuna skrubu mbili zinazoshika nyumba ya feni, unaivuta kama droo, unasafisha kwa brashi na mashine ya kufyonza vumbi. Usilipige, wala usihamishe vile vibati vidogo vilivyobanwa kwenye mapezi, hivyo ni vya kulinganisha uzito.

Na shika mota baada ya kufanya kazi saa nzima, ukiwa umezima. Kuwa ya moto ni kawaida, ila ikinuka kuungua au ikawa inasimama yenyewe katikati ya kazi basi yule jamaa alisema mapema tu kitu ambacho kingekuja. Mota ya 2005 sio ya kuiwekea dhamana. Weka akiba taratibu, ila ununue kiangazi sio Januari.

Juma_Mpya_Winnipeg

Swali la haraka, yangu ni ya 2019, feni pia haizunguki, nimetafuta hicho kikopo hakipo kabisa. Ina plagi mbili tu zinazoingia kwenye mota.

Fundi_Gerezani

Juma hiyo ni mota ya kizazi kingine, akili yake iko kwenye moduli ya elektroniki nyuma ya mota yenyewe, haina kapasita ya kubadili kama hii. Hapo inabidi kupima kama umeme mkubwa unafika, na kama amri ya bodi inafika, ukikuta vyote vinafika na bado imelala basi ni moduli au mota nzima. Angalia waranti kwanza kabla hujagusa, ya 2019 inaweza kuwa bado ina waranti ya vipuri kama ilisajiliwa. Fungua mada yako uweke picha, hapa tutachanganya watu.

Mmatumbi_Theluji

Jumatatu. Leo ni hasi 9 tu, kwetu huku ni kama kiangazi, nimeivuta hiyo feni nje. Wakuu. Mwenye nyumba aliyepita alikuwa na mbwa. Nimetoa manyoya ya kutosha kutengeneza mbwa mwingine. Mapezi yalikuwa bapa kabisa kama ulivyosema. Nimesafisha masaa mawili na nusu, nimerudisha, na chumba cha mwisho kule juu ambacho tangu tununue nyumba kilikuwa hakipati joto, nikidhani ndivyo kilivyojengwa, leo pazia lake linacheza. Mota ni ya moto wa kawaida, hainuki. Ile kampuni nimewapigia nikafuta oda, wamesema sawa bila kuuliza kwanini.

Sasa nimepata kesi nyingine. Mama mkwe kasikiliza hadithi nzima nikimsimulia mwenzangu, ya panga boi na kapasita na fagio, kanyamaza muda mrefu, halafu kasema: kumbe unajua. Na panga boi langu la Ngamiani linazunguka kwa kuomba radhi mwaka wa tatu huu, ulipokuja likizo ukalala chini yake ukaniambia mama feni yako imechoka, nunua nyingine.

Fundi, naweza kumpa abebe kapasita akirudi? Nilinunua mbili za 7.5, moja nimeweka akiba.

Fundi_Gerezani

Usimpe hiyo! Ya 7.5 kwenye panga boi itakula mota. Za panga boi ni ndogo, nyingi ni 2.5, na kule umeme ni wa volti 230. Mpigie mtu aliyeko Ngamiani apande, azime meni swichi kwanza, afungue kile kikombe cha juu karibu na dari, akupigie picha ya maandishi. Wala usibebeshe kitu kutoka huku, duka lolote la vifaa vya umeme Tanga mjini wanazo.